Mstari Mmoja wa Rufaa

Kazi yangu ilikuwa kugeuza kumbukumbu za zamani za mahakama kuwa vitabu. Juzuu kumi na moja, majalada magumu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Nilijivuna nazo, sikatai.

Ofisini tulikuwa na kanuni: hukumu yenye sababu inachapwa nzima, amri ya mstari mmoja inaachwa, maana nani atanunua kitabu asome mstari mmoja? Kitabu kikishatoka, karatasi zinachomwa. Kitabu ndicho kumbukumbu. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na mkutanoni nikapigiwa makofi kama bwana harusi.

Juzi akaja mwalimu mmoja wa kike, amemshika mkono mama yake, kikongwe. Baba wa mwalimu huyo alifungwa kwa wizi wa saruji ya shule. Alitoka, na mpaka anakufa alishikilia kwamba rufaa ilimsafisha. Sasa shule inaandika ukutani majina ya mafundi walioijenga, na la kwake limekataliwa. Wanataka ushahidi.

Nikafungua juzuu ya nne. Hukumu ya kumfunga ilikuwapo, kurasa tisa, haina hata kosa moja la chapa.

"Na rufaa, mzee?" mwalimu akauliza.

Niliukumbuka mstari ule, kwa sababu siku ya kuukata nilisitasita: rufaa imekubaliwa, aachiwe huru.

"Haimo," nikasema. "Lakini ilikuwapo, niliisoma. Aliyeiacha ni mimi."

"Basi utatuandikia barua?"

"Nitaandika. Wataniuliza karatasi iko wapi, nami nitajibu tuliichoma. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

Niliona aibu.

Kikongwe hakujua kusoma. Aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hiki ndicho kitabu chenyewe cha serikali?"

"Ndicho, mama."

"Na kimesema aliiba?"

"Kimesema, lakini nisikilize..."

"Miaka arobaini nagombana na watu kwa ajili yake," akamwambia binti yake. "Kumbe alinidanganya."

Nilimweleza upya, polepole, mara tatu. Binti naye akaeleza. Kikongwe alitusikiliza kwa adabu zote hadi tukamaliza.

"Sikukatalii, baba," akaniambia. "Ila wewe ni mtu tu. Hiki ni kitabu."

Kisha akaomba ashikwe mkono, waende nyumbani.