Chapati za Msiba wa Hollis

Hollis Tarkett alipofariki Fort Worth, hapa Texas, akiwa na miaka themanini na minne, mume wangu Mwenda alilia jikoni kwetu Euless kama aliyefiwa na mjomba. Huyo mwimbaji mkongwe wa muziki wa kantri hatukuwahi hata kumwona. Lakini kule nyumbani Nkubu, Kenya, redio ya baba mkwe ilicheza nyimbo zake kila Jumapili baada ya kanisa, na baba mkwe alipozikwa miaka mitatu iliyopita, wimbo wa Hollis ndio ulioimbwa kaburini. Mwenda aliusikia kwenye simu, amesimama nje ya ghala analofanyia kazi. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado; angeondoka nchini, asingeruhusiwa kurudi.

"Huyu lazima nimuage," akasema.

"Hapa si Nkubu. Hapa msiba ni wa kualikwa."

"Lydiah, mtu amekufa. Si tu-show up tu?"

Kubishana na Mwenda ni kazi bure. Nikapika chapati arobaini, nikajaza thamosi mbili za chai ya maziwa. Jumamosi saa nne asubuhi tulifika nyumbani kwa marehemu. Hakuna hema, hakuna viti vya plastiki, hakuna hata gari moja. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na chapati zangu.

Mjane alifungua mlango nusu. "Mnauza nini?"

Mwenda akavua ile kofia yake pana ninayomchekaga kila siku. "Tumekuja kukupa pole, mama."

Mazishi yalikwisha Alhamisi, akatuambia. Watu tisa, dakika ishirini. Hollis alikufa akiamini nyimbo zake zimesahaulika.

Basi Mwenda akamsimulia maziko ya baba yake kule Nkubu, watu mia nne wakiimba Kitexas kwa lafudhi ya Kimeru. Katikati akaanza kulia. Miaka mitatu, na sikuwa nimemwona akimlilia baba yake. Na mimi nikalia, thamosi mkononi.

"Hao watu mia nne," yule mjane akauliza, "wako wapi?"

"Wako Nkubu," nikasema. "Ila kwetu Euless nawajua Wameru kama thelathini."

"Waite."

Kufika saa nane mchana magari yamejaa mtaani, viti vimeletwa kutoka kanisani kwetu, chapati zimeisha. Kabla ya kuimba, mama alimwuliza Mwenda jina la baba yake, akalirudia kimyakimya mpaka likamkaa. Kisha akasimama.

"Leo," akasema, "tunawaaga Hollis na M'Mugambi."