Matunda Damu ya Bibi Tulinagwe

Doa lilikuwa kifuani mwa fulana yake, jekundu na bichi, na kwa muda nilidhani Jairo ametapika damu. Nilimnyakua pale mkekani. Mdomo wake ulinukia tunda. Juu ya kigoda palikuwa na kikombe, kijiko, na kichujio cha chai kilichobakiwa na mbegu nyeusi za matunda damu, yale mekundu ambayo huku watu huamini yanaongeza damu.

"Nampa juisi," alisema Bibi Tulinagwe bila kuficha. "Kidogo kidogo, tangu juzi. Mtoto anahitaji damu, Mama Layani."

Jina la mwanangu, Rayyan, halikuwahi kumkaa mdomoni. Ulimi wake wa Kinyakyusa uliilainisha kila "r", hata ya mjukuu wake mwenyewe, ambaye kwake alikuwa Jailo.

Jairo alikuwa na miezi minne. Mama yake, Agness, alikuwa jirani yangu. Vyumba vyetu vilitazamana katika nyumba ya kupanga hapa Tukuyu, tukabeba mimba msimu mmoja, tukawa tunataniana matumbo yetu huku tukianika nguo zisizokauka kwa ukungu. Mimi nilitangulia kujifungua. Yeye alijifungua salama, tukaambiwa, kisha damu ikaanza kutoka na ikakataa kusimama.

Tulimzika kwao Kisondela, pembeni ya migomba. Mumewe, Lazaro, alisimama kaburini kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua. Tuliporudi mjini maziwa yalikuwa yamenijaa mpaka yanauma, na kile kichanga kilikuwa kinalia chumba cha mkabala. Nilimwambia mume wangu, Amri, kwamba nataka kumnyonyesha. Akasema, "Basi Rayyan amepata ndugu." Kwetu sisi Waislamu, watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu kweli. Nikaenda kliniki, nikapimwa, nikaruhusiwa. Bibi Tulinagwe naye akafunga nyumba yake Kisondela, akahamia chumba cha marehemu bintiye, ambacho Lazaro alimwachia akaenda kuishi kwa ndugu zake, ili awe karibu na mjukuu.

Asubuhi nilipokuwa dukani kwetu nikipima vitambaa, yeye ndiye aliyebaki na Jairo. Nilimwamini. Hata siku ile ya doa jekundu sikuweza kumwona kama mtu mbaya. Alishika kile kijiko kwa uangalifu wa mtu anayetoa dawa.

"Mama, huyu bado ni wa maziwa tu," nilisema.

"Maziwa yako yanagawanywa. Na mama yake aliishiwa damu." Akaniangalia usoni. "Huyu hataishiwa."

Nilipomfungua Jairo nepi nikaelewa kwa nini tangu jana yake alikuwa mzito kunyonya. Alikuwa anaharisha maji matupu. Macho yalikuwa yameingia ndani, utosi umebonyea, na alipolia hakutoa machozi. Nilimfunga mgongoni, nikaita bodaboda. Bibi Tulinagwe alitufuata kwa miguu hadi hospitali, akikimbia kwa ndala.

Walimtundikia dripu. Ilichukua muda kuupata mshipa katika mkono ule mdogo, na kila alipochomwa, bibi aliufinya mkono wake mwenyewe mahali pale pale. Muuguzi mmoja, Elina, alipomaliza alikaa nasi kwenye benchi.

"Bibi, tumbo lake halijakomaa," alisema taratibu. "Mpaka miezi sita, maziwa tu, hata maji msimpe. Baada ya hapo mumpondee tunda lenyewe, laini. Juisi isubiri mpaka avuke mwaka, na hata hapo iwe kidogo, kwa kikombe."

"Hata ya matunda damu?"

"Hata hiyo. Haigeuki kuwa damu, bibi."

Jairo alipopata nafuu tukarudi nyumbani, na tangu hapo bibi hakumgusa. Nilipompa ambebe alirudisha mikono nyuma. Siku moja nilitoka dukani nikakuta chumba kimefagiwa, kitanda kimetandikwa, na yeye hayupo.

Ningeweza kumwacha aende. Wapo walionishauri hivyo, kwamba bora mtoto abaki mikononi mwa mtu anayejua. Wasingesema hivyo kama wangemwona bibi miezi miwili baadaye, akimpondea Jairo parachichi mpaka lisibaki hata punje ngumu, akilionja yeye kwanza, akiniuliza kwa macho kabla ya kila kijiko. Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo, wala mimi. Nilichojua ni kwamba mtoto alikuwa anageuza shingo kila mlango wa chumba cha bibi ulipolia kwa upepo.

Kesho yake nilimwachia Amri Rayyan, nikambeba Jairo, nikashuka Kisondela. Nilimkuta Bibi Tulinagwe amekaa kizingitini, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanitolea kigoda. Nilikaa nikamnyonyesha mtoto. Aliposhiba akaachia ziwa.

"Siku ile Agness alipojifungua, hospitali walitafuta damu," alianza bibi, macho yake yakiwa kwenye migomba. "Nikanyoosha mkono. Nikawaambia, chukueni yote, mimi nimeishi inatosha. Wakanipima. Wakasema yangu haifanani na yake. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, Mama Layani. Damu yangu imemkataa."

Ningeweza kumweleza habari za makundi ya damu, kwamba hakuna aliyemkataa mtu, lakini nadhani alikwisha kuelezwa na hazikumsaidia. Nikasimama, nikamweka Jairo mapajani pake. Safari hii hakurudisha mikono. Mtoto alikishika kidole chake, akakivuta mdomoni, akakitafuna kwa fizi. Ndipo bibi akalia, kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na majirani wakachungulia kisha wakarudi ndani.

Alipotulia alijifuta uso kwa pindo la kitenge, akaingia ndani, akatoka na mfuko wake mdogo. Alimfunga Jairo mgongoni mwake, akakaza fundo, akajaribu mlango kama umefungika.

"Twende," alisema. "Huko juu Tukuyu wingu la mvua limeshafunga."