Nusu Dakika ya Mkaguzi

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa namba. Alikuwa akipiga deki chini ya meza ya Mkaguzi, akainua macho, akaziona kwenye kompyuta zikipanda: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Mkaguzi akabonyeza, wimbo ukakatika. Ukaja mwingine, nao ukafia palepale. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuungaunga, maana shule aliiachia darasa la tano, lakini namba hazikuwahi kumpiga chenga.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kukagua nyimbo. Mtunzi alileta wimbo kwenye flashi pamoja na fomu, Mkaguzi akausikiliza, kisha akagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Bila kijani redio haikupigi, na ukiimba hadharani, askari wa mji wanaondoka na gitaa lako. Mwekundu ukikuangukia mara tatu, jina lako linafungwa miaka mitano.

Mpiga deki walimwita Paka, kwa sababu aliingia na kutoka bila mtu kujua. Dada wa mapokezi alikuwa akisema siku Paka akilia nyau, ofisi itafungwa watu wakapumzike. Naye alicheka pamoja nao, kichwa chini. Chumbani kwake hapakuwa na wa kumuuliza ameshindaje. Kulikuwa na wiki ambazo sauti yake aliitumia kuulizia bei ya sabuni tu, na bei ilivyozidi kupanda, hata kuuliza akaacha. Alinyoosha kidole, akapewa kipande.

Mchana, wote wakienda kula, yeye alibaki kufuta vumbi. Ndipo alipofungua faili la waliokataliwa na kuvaa visikilizio vya Mkaguzi. Nyimbo nyingi zilikuwa za kurukaruka, za kumsifu mtu kwa gari lake. Hizo alizipita. Alitafuta zile za pole, za mtu mmoja na gitaa lake, zilizorekodiwa chumbani mpaka unasikia kiti kikilia na mvua ikinong'ona juu ya bati. Katika miezi saba alipata watu watatu. Muuguzi mstaafu aliyeimba habari za mikono yake. Mwashi aliyezihesabu nyumba alizojenga asilale hata katika moja. Na fundi baiskeli.

Wimbo wa fundi baiskeli ulianza na gitaa tupu, polepole, kama mgeni anayesita mlangoni kabla ya kubisha. Dakika nzima ilipita hivyo. Kisha sauti ikaingia, ya chini, yenye mikwaruzo:

Nimekuta msumari ukutani,
aliyeupiga kahama zamani;
sijui alitundika nini,
mimi natundika koti la kazini.

Alisimama na tambara mkononi mpaka wimbo ukaisha. Ilikuwa kama mtu ameingia chumbani kwake, akaketi, asiseme neno la kumuumiza. Kesho yake akaurudia. Keshokutwa pia.

Kwenye fomu ya fundi, Mkaguzi alikuwa ameandika sababu. Aliisoma silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari: Wimbo hauna maneno. Akakumbuka zile namba zilizokoma kwenye thelathini, akaelewa.

Fundi mwenyewe alirudi baada ya mwezi, mtu wa makamo, grisi nyeusi kwenye kucha. Alimweleza dada wa mapokezi, kwa heshima zote, kwamba kama maneno ndiyo yaliyopungua, ameongeza beti mbili. Muhuri ukawa mwekundu tena, na sababu ileile. Paka alikuwa hapo, ameegemea mpini wa mopu. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: punguza gitaa la mwanzoni. Lakini angeulizwa amejuaje, na jibu la swali hilo lingemgharimu kibarua chake. Halafu yeye ni nani, wa darasa la tano, amwambie mtu mzima akate wimbo wake? Akaendelea kupiga deki.

Leo fundi alikuja mara ya tatu, kwa miguu, kwa kuwa nauli imepanda na fomu nayo imepanda. Redio ya mtaani kwao ilikuwa imemwahidi: akipata kijani, wimbo unapigwa. Alisema ameongeza beti nyingine nne, na gitaa la mbele amelirefusha, ili maneno yote hayo yapate pa kukaa.

"Habari za kazi, binti?" alimsalimia Paka alipopita. Akamjibu kwa kichwa. Fundi akatoka kwenda kungoja getini.

Alasiri Mkaguzi alikuwa na simu kati ya sikio na bega, akilalamikia bei ya saruji. Nyumba yake ilikuwa imekwama kwenye renta, ile zege ya juu ya madirisha. Akabonyeza. Gitaa likaanza. Paka alikuwa chini, tambara la deki mkononi, macho kwenye namba. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini.

"Huyu tena," Mkaguzi alisema, bila ubaya wowote. "Mara tatu, mtu mzima, hajaweka hata neno moja." Akagonga mwekundu, akarudi kwenye saruji yake.

Dada wa mapokezi akamkabidhi Paka bahasha. "Mpelekee mzee wako. Wewe hatakugombeza, atagombana na nini?"

Getini fundi aliisoma barua akiwa amesimama. Akaikunja mara mbili, kingo zikakutana sawasawa, akaitia mfukoni.

"Beti tisa, binti," alisema taratibu. "Sijui ni neno gani walilolitaka."

Akamshukuru kwa kumletea, akageuka kuifuata barabara. Paka alitazama nyuma. Dirishani Mkaguzi alikuwa akimtazama, simu bado sikioni. Paka akamfuata fundi hatua tatu, nne, na sauti ilipotoka ilikuwa na kutu, yeye mwenyewe akaishangaa.

"Mzee, ngoja. Wanazima kabla hujaanza kuimba. Nusu dakika, wanazima. Mimi nimeusikiliza mpaka mwisho, kila siku mchana. Nilijua tangu mara ya kwanza, nikanyamaza."