Mikono ya Bi Somoe

Bi Somoe amejilaza mchana kweupe, juu ya kitanda cha chuma cha karantini, amenuna. Homa imeenea mtaa mzima, lakini aliyefungiwa ni yeye peke yake, eti kila mzazi aliyekandwa naye kwa maji ya moto mwezi huu ameugua, ilhali yeye hata chafya hajapiga. Na bintiye Hidaya amejifungua jana. Nani atamkanda mwanangu? anauliza, na kabla hajajibiwa usingizi unampitia, na mlango uliofungwa tangu asubuhi uko wazi.

Anatoka. Barabara inakwenda, inajikunja, inarudi, inakwenda tena, na pande zote mbili ni nyumba ya Hidaya, ileile, pazia lilelile la kijani, mara kumi, mara mia, na kila nyumba imeteleka maji. Mbele yake anatembea mtu wa nguo nyeupe asiye na uso. Nyumba ya mwanangu ni ipi, baba? Zote, anajibu. Nipeleke kwenye ya kweli. Kitendawili, anasema mtu yule. Tega, anaitikia Bi Somoe, maana adabu ni adabu hata ugenini. Mgeni wangu hana miguu, katika kila nyumba huingizwa na mtu anayependwa. Bi Somoe anawaza, anawazua, wapi! Nipe mji, anadai yule mtu. Haya, chukua huu huu. Naye anauchukua kweli, nyumba zinatoweka moja moja hadi inabaki moja, ndipo anamnong'oneza jibu: ugonjwa.

Bi Somoe anashika kitasa cha nyumba hiyo. Mama, ni wewe? anaita Hidaya upande wa pili, na kichanga kinalia. Mgongo unaniua, nifungulie. Nikufungulie? Kwani nani yuko ndani? Bi Somoe anageuka, anakiona kitanda cha chuma. Basi ameamka. Lakini mzazi wa jana hatoki nje, arobaini haijafika, basi bado anaota. Na kilio kile ni cha mtoto kabisa. Haelewi, anaogopa, anautamani mlango ule kuliko maji ya kunywa. Anaegemeza mgongo wake pale mlangoni na kukaza miguu.

Rudi nyumbani, mwanangu, anasema, machozi yakimtiririka. Mwambie shangazi yako akukande. Maji yawe moto hasa, na asikuonee huruma.