Katuni ya Wagiriki katika Ukuta wa Placide

Kila alasiri, jua likigeukia milimani, Placide alinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya nyumba yake ya video ili vumbi litulie. Kisha alipanga mabenchi: mafupi ya watoto mbele, marefu ya wakubwa nyuma. Televizyo ilikaa juu ya sanduku lililofunikwa kitambaa cha kikwembe, na jenereta ilikuwa nje chini ya dirisha, ikikohoa sana kabla ya kuwaka. Ndivyo ilivyokuwa mjini Baraka mwaka ule vita vya pili vilipoanza. Watu wa mtaa wakiukumbuka mwaka huo, hukumbuka kwanza katuni, kisha vita.

Kaseti za Placide zilikuwa chache na nyingi zimechakaa. Moja tu haikuwachosha watu: katuni ya miungu ya Wagiriki wa zamani. Aliipata mjini Kalemie kwa Mgiriki mmoja, mnunuzi wa samaki, aliyekuwa anahama na hakuwa na nafasi ya kubeba kila kitu. Ndani yake mpiga gita alifiwa na mkewe, akashuka mpaka nchi ya wafu kumdai. Huko chini kulikuwa na mto mweusi, na ukingoni wafu walipanga mstari wakingoja mtumbwi. Mlangoni alikaa mbwa wa vichwa vitatu. Watoto walimpenda mbwa huyo kupita wote, na kila kichwa walikuwa wamekipa jina la mwalimu wao mmoja.

Katuni ilisema Kifaransa. Placide alisimama kando ya televizyo na kugeuza maneno kwa Kiswahili, na alikuwa fundi wa sauti: mbwa alikuwa na sauti tatu, mfalme wa wafu alikohoa kama mtu wa mafua. Ila karibu na mwisho aliiacha njia. Pale mpiga gita anapogeuka nyuma, ingawa amekatazwa, na mkewe anafifia kama moshi, Placide alisema mwanamke amepita njia ya mkato kwenda kupika sombe, yale majani ya muhogo, maana bwana yake atafika na njaa. Watu walipiga makofi na kurudi kwao wamefurahi.

Mke wa Placide, Florentine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alijua Kifaransa kumpita mumewe.

"Unabadanganya batu," alimwambia jioni moja.

"Ukweli iko mingi kule inje, mama. Humu ndani acha bapumzike."

"Ule mwanamuke amekufa mara ya pili. Na we unasema anapika!"

"Anapika," alisema Placide.

Florentine akamwita mwongo mbele ya majirani. Walilala bila kusemezana. Asubuhi, Florentine akiwa kisimani, askari waliokuwa wameshika mji walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume wa kuwabebea mizigo mpaka juu milimani, Minembwe. Walimchukua Placide, na jirani yake Norbert, na wengine wa mtaa. Florentine aliporudi alikuta wembe dirishani na maji ya sabuni kwenye kikombe.

Komanda wa askari hao alikuwa mtu wa sauti ya upole, mwenye kuamkia wazee. Aliwaambia wanawake, "Batarudia ku nyumba. Ni mizigo tu." Baadaye askari wake walibeba jenereta, na televizyo pia.

Florentine alifunga mlango wa nyumba ya video. Lakini alasiri moja, saa ile ile ya zamani, katuni ilianza yenyewe juu ya ukuta wa udongo. Picha ilikuwa kubwa kuliko ya televizyo, na rangi zake zilikuwa safi. Florentine alifungua mlango, na jirani aliyesikia gita akaja na kigoda chake. Kesho yake mabenchi yalijaa. Mzee mmoja alilalamika kwamba sauti iko chini, akaombwa asogee mbele.

Kazi ya kugeuza maneno sasa ilikuwa ya Florentine. Aliifanya kama darasani, neno kwa neno. Mwanamke alipofifia, alisema amefifia. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka wakajipangusa vumbi, na Florentine alitamani kuyameza yale maneno aliyomwambia mumewe.

Mvua za kwanza zilipoanza, wanaume wa mtaa walionekana ndani ya katuni. Walikuwa ukingoni mwa mto mweusi, katika mstari, wamechorwa kama wafu wengine, macho makubwa na wino mzito ukiwazunguka. Dorothée, mama yake Norbert, alimtambua mwanawe kwa mwendo.

"Ule ni Norbert," alisema. "Bamemuchora muzuri. Ila amekonda."

Nyuma ya Norbert alisimama Placide, shavu moja lina povu la sabuni.

Hakuna aliyeuliza wameingiaje. Watu walitaka kujua wanasema nini, maana wote walisema Kifaransa, hata Norbert ambaye hakuwahi kukaa darasani.

Siku hiyo komanda alikuwa amekuja kutazama. Alikaa benchi la nyuma, kofia magotini.

"Mama Florentine," aliita Dorothée, "banasema nini?"

Florentine alitupia jicho benchi la nyuma. Angeweza kusema wanawasalimia. Placide angesema hivyo, na watu wangelala. Alimtazama Placide ukutani. Placide naye alikuwa akitazama benchi la watoto, kama alivyozoea, kuona kama wanaogopa. Hapo Florentine alielewa kwa nini mumewe alikuwa akiupinda ule mwisho, na alisikitika kwamba amechelewa kuelewa. Lakini hakujua kugeuza maneno kwa namna nyingine.

"Banasema habakufika ku mulima," alisema. "Mizigo ilikuwa nzito. Benye kuchoka balipigwa risasi, na benye kuona balipigwa pia. Banasema bako nyuma ya kiwanda ya zamani ya pamba, mu shamba ya muhogo, bote pamoja."

Dorothée aligeuka nyuma. "We ulisema batarudia."

Komanda alimtazama kwa heshima. "Mama, ile ni katuni."

Akavaa kofia yake. Alimwambia Florentine kwamba Kifaransa chake ni safi sana, akashukuru, akainama mlangoni asigonge kichwa.

Asubuhi wanawake walikwenda kiwandani na majembe. Walikuta shamba limezungushiwa waya, na askari wakawaambia kwa adabu kwamba hapo ni mahali pa jeshi, warudi vita vikiisha. Wakarudi. Kwa kuwa hapakuwa na kaburi, matanga yaliwekwa mbele ya ukuta wa katuni. Padri alikuja, na shehe akaja pia, kwa sababu baadhi ya wale wanaume walikuwa Waislamu. Walisubiri mbwa amalize kubweka, kisha wakaomba.

Mstari ukutani ulisogea polepole. Zamu ya Placide ilipofika, Florentine aliacha kugeuza maneno, akasimama karibu na ukuta.

"Placide, unisamehe," alisema.

Placide alikuwa akikunja suruali ili isilowe. Walio ndani ya katuni hawawasikii walio kwenye mabenchi. Miaka yote watoto walimpigia mpiga gita kelele asigeuke, na kila siku aligeuka. Placide alipewa mkono na Norbert, akaingia mtumbwini, wakavuka.

Vita viliisha kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mbali. Komanda alipandishwa cheo. Lile shamba likawa lake. Akalizungushia ukuta wa matofali na kujenga ghala. Anapopita Baraka bado huamkia wazee, na wazee humwitikia.

Katuni bado ipo. Siku hizi ukingoni wamesimama watu ambao mtaa hauwajui: wachimba dhahabu wa Misisi wenye tope mpaka kiunoni, wachungaji wa Minembwe na fimbo zao. Ndugu zao hutoka mbali kuja kuwatafuta, na Florentine, ambaye nywele zimekuwa nyeupe, huwageuzia maneno.

Kila kiangazi Dorothée huenda kwenye ghala na jembe begani, kuomba ruhusa ya kuchimba. Mlinzi humpa kiti na kumwambia mkubwa hayuko. Dorothée hukaa kidogo kivulini, hunywa maji anayopewa, hushukuru, kisha hurudi nyumbani na jembe lake.