Sala Katikati ya Wimbo

Gathogo aliingia ukumbini Kitale na miwani ya jua, ndani ya nyumba, mtu wa miaka sabini na moja. Tumepiga rock pamoja tangu ujana, zile nyimbo za dakika ishirini ambazo hakuna anayeweza kuzichezea dansi, na bado hajajua kuvaa. Siku hiyo tulikuwa tunazindua albamu ya tamasha letu la Bungoma.

Mimi ni Wekoye, mpiga ngoma. Katika wimbo wetu mkubwa nina dakika nne za kupiga peke yangu. Hazijawahi kuingia kwenye albamu yoyote, na sasa vidole vyangu vinashindwa hata na vifungo vya shati. Bungoma ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Kabla ya zamu yangu bendi nzima hunyamaza kidogo. Bungoma tuliponyamaza, Pasta Wamalwa, aliyepewa sala ya kufunga tamasha, akadhani tumemaliza. Akashika maikrofoni. "Tusimame, tuombe." Ukumbi mzima ukasimama. Nani atapiga ngoma juu ya sala? Nikaweka vijiti chini. Baada ya Amina watu wakachukua mikoba yao wakaenda nyumbani.

Gathogo aliniapia kwamba kwenye albamu, pale penye sala, ataweka ngoma zangu zilizorekodiwa mazoezini. Nikamwamini, mzee mzima.

Albamu ikaanza. Gitaa la Gathogo lilikuwa safi ajabu. Kule Bungoma alikosea mara sita, nilihesabu; kumbe alirudi studio kimyakimya akalipiga upya. Kisha bendi ikanyamaza, nami nikavuta pumzi. Ikatoka sauti ya Pasta.

Nikamvuta Gathogo koti. "Ngoma zangu ziko wapi?"

"Weko, ile ya mazoezi si live, bana. Hatuwezi danganya watu."

Yeye ndiye wa kuniambia habari za kudanganya. Hasira ilinipanda, nikageuka nimwaibishe mbele ya ukumbi wote.

Lakini viti vilikuwa vinakwaruza sakafu. Watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja, Nyaruai, shabiki wetu wa siku zote, pale safu ya mbele tayari amefumba macho, wakati Pasta kwenye spika anamshukuru Mungu kwamba wazee hawa wamemaliza salama. Walikuwa wanasimama kwa ajili ya spika, wajinga hawa. Nami niliyefungua mdomo kutukana nikaufunga, nikainamisha kichwa. Amina ilipofika, niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.