Pazia Lililopungua Shubiri

"Nani kati ya watu wangu anakupa habari za ndani?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya meneja wa nyumba ya wageni aliponipigia. Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa kwanza.

"Hakuna, baba."

"Usinichezee, mama. Umeandika jua linampiga binti wa mapokezi usoni, anajikinga kwa daftari la wageni. Haya kayasema yeye. Jioni hii anaondoka."

Akakata.

Mke wa mwanangu aliiweka pasi chini akanitazama kwa jicho la "nilikwambia". Tangu shule iliyokuwa ikitupa kazi ya kushona sare ihamie kwa fundi mwingine, yeye ndiye aliyewaandikia wenye hoteli na zahanati wasiotujua, akitafuta kazi. Aliandika: "Ndugu mteja, hongera! Tunakuletea fursa ya kipekee." Ujumbe arobaini, hakuna aliyejibu hata kwa tusi.

Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nikipata ujumbe unaoanza na hongera, nazima simu na kukumbatia mkoba."

"Basi andika wewe, mama."

Mimi ni wa darasa la saba, siandiki nisichokiona. Nilikwenda kuketi pale mapokezi siku mbili, nikatazama. Kisha nikaandika: "Mimi ni fundi cherehani, mjane, nashona mtaa wa nyuma yako. Pazia lako la mapokezi limepungua shubiri moja. Saa nane jua linampiga binti wako usoni, anajikinga kwa daftari la wageni, na wageni wanasubiri kuandikwa. Naweza kuja kupima. Ukikataa, sitakusumbua tena."

"Mkavu huo," mkwe wangu alisema siku ile. Sasa nikamkumbusha kwamba umejibiwa.

"Umejibiwa kwa kumfukuza mtoto wa watu!"

Nilimwomba Mungu nikiwa nimesimama, nikachukua tepu yangu ya kupimia, nikatoka.

Meneja alikuwa mwembamba, shati limechomekewa mpaka linalalamika. Binti alikuwa nyuma ya meza yake, macho mekundu.

"Unamjua mama huyu?" meneja akamuuliza.

"Simjui, bosi."

"Mmepangana vizuri."

"Muulize mlinzi," nikasema. "Jumatatu na Jumanne niliketi kiti kile chenye mguu uliofungwa waya. Nilimwambia namsubiri mgeni wangu."

"Mgeni gani?"

Miaka yote naungama makosa yangu kwa Mungu faraghani. Mbele ya meneja ilikuwa mara ya kwanza.

"Hakuwapo mgeni. Nilidanganya."

Mlinzi akaitwa. Aliponiona akacheka. "Ndiye huyu, bosi. Nilimpa maji kwa huruma. Nikajua mgeni wake kamkimbia."

Meneja hakucheka. Alimtazama mlinzi, akamtazama binti, akanirudia mimi, kama mtu anayehesabu wezi.

"Watatu sasa. Mlangoni ulidanganya, kwenye simu ndiyo ukasema kweli? Nikuaminije?"

"Usiniamini, baba. Subiri saa nane."

Zilibaki dakika kumi. Akavuta kiti, akaketi mahali pa kutuona wote. Mlinzi alikohoa, akakatazwa kwa jicho.

Jua likapita chini ya pazia, likatambaa sakafuni, likapanda meza. Lilipomfikia binti, mkono wake uliinua daftari wenyewe, kwa mazoea. Alipogundua, akalitua kama sufuria ya moto.

"Ondoka hapo," meneja akasema.

Binti akadhani ndiyo amefukuzwa. Akaanza kukusanya kalamu zake. Lakini meneja aliketi kwenye kiti cha binti, akageuza uso dirishani, akafumba jicho moja, kisha la pili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu pazia lifuliwe, bosi. Lilirudi fupi."

"Na hukuniambia?"

"Wewe ukiambiwa kitu unauliza nani kakutuma."

Mlinzi alikimbilia mlangoni akacheke huko. Jua liliendelea kumchoma meneja.

"Pima," akaniambia mwishowe. "Dirisha hili moja tu. Mengine nitaona kwanza mkono wako. Na wewe, binti, mshikie ncha, kisha urudi kazini."

Tulipoinama pamoja kwenye tepu, binti akanong'ona bila kunitazama:

"Mama, ukiwaandikia watu tena, mimi usinitie."